Nimeshamripoti mume wangu polisi. Sasa nitegemee nini?

Swali: Wakili, nimeolewa miaka tisa. Jumapili usiku mume wangu alinipiga mbele ya watoto, akanishika shingo nikaona giza kidogo, nikakimbilia kwa dada yangu na watoto wote wawili. Jumatatu nilikwenda polisi, wakaniandikisha, wakanipa namba na fomu ya kupeleka hospitali. Leo Jumatano bado hajakamatwa. Hospitali sijaenda, naona maumivu yamepoa, ila sauti imekauka. Mama mkwe anapiga simu kila baada ya muda, anataka nikafute kesi kabla mambo hayajaharibika. Watamkamata lini? Watoto watachukuliwa? Na nikibadili mawazo itakuwaje? Wakati mwingine najiuliza kama nimekosea.

Jibu:

Dada yangu, kuna maneno umeyapita mbiombio kama mtu anayetaja mvua ya jana: akanishika shingo nikaona giza. Baadaye kidogo ukaongeza kwamba sauti imekauka. Hayo mawili, mbele ya daktari na mbele ya hakimu, ni mazito kuliko jicho lililovimba, kwa hiyo ndiyo ninayoanza nayo. Mtu anaweza kukabwa koo asibaki na alama yoyote ya nje, huku mshipa wa shingo umechanika kwa ndani. Kiharusi kinaweza kuja siku kadhaa baadaye kwa mtu aliyekwisha kudhani amepona. Kwa hiyo nenda hospitali leo hii, na daktari aambiwe kila kitu: sauti ilivyokauka, kama unameza kwa shida, kama kuna vidoa vyekundu vidogo kwenye macho au nyuma ya masikio, kama mkojo ulitoka bila wewe kujua, kama fahamu zilipotea hata kwa sekunde mbili. Usimwambie "alinishikashika". Mwambie "alinikaba, nikaona giza, tangu usiku ule sauti haijarudi."

Sababu ya pili haihusu tiba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko kwenye hatari ya kuja kuuawa na mwenzi huyo zaidi ya mara saba ukimlinganisha na anayepigwa bila kukabwa. Watu wanaofanya kazi hii wakisikia neno shingo, hukaa sawa kwenye kiti. Nawe kaa sawa. Fomu iliyoko mkobani mwako isilale humo usiku mwingine.

Hukusema uko nchi gani, basi nitaeleza kwa ujumla na nitataja nchi pale inapobidi. Fomu hiyo Kenya huitwa P3, Tanzania PF3, na Uganda nayo iko katika familia ya Police Form 3. Kazi yake ni moja: kumfanya daktari aseme kwa maandishi na kwa saini kile ambacho wewe umekisema kwa mdomo. Fomu yenyewe haiuzwi. Daktari akishaijaza, hakikisha imerudi kwa mpelelezi, na kabla haijarudi ipige picha kurasa zote. Nimeona kesi zikilala miezi kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika kwenye droo ya zahanati.

Na kama usiku ule kulikuwa pia na kulazimishwa kimwili, jambo ambalo hukulitaja na huna deni la kunieleza mimi, basi hesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kwako saa hizo zinaisha leo usiku. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi hadi siku tano. Ukifika hospitali huhitaji kusimulia yote pale mapokezi mbele ya foleni. Sema unataka kuonana na daktari faragha kwa jambo la polisi.

Picha nazo zipigwe leo, kesho na keshokutwa. Michubuko huwa inakolea siku ya pili au ya tatu, na kwenye ngozi nyeusi huenda isionekane vizuri kabisa siku ya kwanza. Simama karibu na dirisha mchana, dada yako apige moja ya mbali inayoonyesha uso wako na jeraha kwa pamoja, kisha moja ya karibu yenye sarafu au rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Nguo ulizovaa usizifue. Zitie kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuharibu ushahidi.

Sasa hiyo namba. Kenya wataiita namba ya OB, Tanzania utasikia watu wakisema "nimechukua RB". Ni uthibitisho kwamba taarifa yako imeingia kwenye kitabu cha kituo, siku fulani, saa fulani. Iandike mahali pengine zaidi ya simu yako. Namba hiyo bado si kesi, wala si amri ya kumkamata mtu. Hapa ndipo wengi huumia moyo, kwa sababu wametoka nyumbani wakiamini kwamba kuripoti ni kama kuwasha taa: ukibonyeza, chumba kinang'aa. Kinachofuata baada ya kitabu ni kwamba faili linapewa mpelelezi. Mpelelezi anachukua maelezo yako kamili kama hajayachukua, anawatafuta mashahidi, anasubiri ripoti ya daktari, ndipo anakwenda kumkamata mtuhumiwa au anamwita aje mwenyewe. Mara nyingine polisi humkamata siku ileile, hasa kama jeraha linaonekana, kama kuna silaha, au kama walifika wakamkuta bado anafoka. Mara nyingine inapita wiki. Wewe fomu ya daktari unayo mkononi bado, na hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo mpelelezi atakuulizia.

Ukienda tena kituoni, uliza mambo matatu tu: jina la mpelelezi wa faili langu ni nani, namba yake ya simu ni ipi, na ni kitu gani kinachosubiriwa kutoka kwangu. Yaandike hapohapo mbele yake. Mtu akikuona unaandika, hubadilika kidogo namna ya kukujibu. Kama kituo kina dawati la jinsia (Tanzania ni Dawati la Jinsia na Watoto, Kenya nako vituo vingi vina dawati la namna hiyo, Uganda kuna kitengo cha watoto na familia), omba uhudumiwe huko. Una haki pia ya kuomba kuandikiwa maelezo na askari wa kike. Huenda asiwepo siku hiyo, lakini omba.

Kuhusu maelezo, nivumilie nikueleze kitu nilichokishuhudia, maana kimenifundisha kuliko vitabu. Nilimsindikiza mama mmoja kituoni. Alieleza kwa kirefu, askari akiandika kwa mkono, akikatiza kila mara kumwambia aende polepole. Mama alisema: "Alinikaba kwa mikono miwili, akanibana ukutani, akasema leo nakumaliza." Askari aliandika, akageuza karatasi, akampa kalamu. Mama akaweka saini kila mahali alipoonyeshwa, kwa haraka, kwa sababu alitaka kutoka mle ndani. Miezi minane baadaye mahakamani maelezo yale yakasomwa: "Alinisukuma ukutani na kunitolea maneno makali." Mikono miwili haipo. Leo nakumaliza haipo. Wakili wa mshtakiwa akasimama na kuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini habari ya kukabwa imezaliwa leo. Sidhani askari yule alikusudia ubaya. Alikuwa amechoka, akafupisha. Lakini mama ndiye aliyelipa.

Basi kama maelezo yako ya Jumatatu hukusomewa, rudi uombe usomewe. Kama shingo haimo, omba kuandika maelezo ya nyongeza. Hilo ni jambo la kawaida na halikufanyi uonekane mwongo, ilimradi lifanyike mapema. Na usiku huu, kabla hujalala, kaa na daftari uandike tukio lote kwa lugha yako: saa ngapi, chumba gani, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, watoto walikuwa wamesimama wapi. Andika na ya nyuma, ile mara ya kwanza, ile mbaya zaidi, ile ambayo jirani aligonga mlango. Baada ya mwaka utashangaa ni mambo mangapi yamefutika kichwani. Kama nawe ulimkwaruza au kumng'ata ukijinasua, lisemwe na wewe mwenyewe, mapema, pamoja na sababu yake. Wanaume wengine wakisikia wameripotiwa hukimbilia kituoni kufungua taarifa yao, wakionyesha mkwaruzo wa mkono. Alama ya kucha kwenye mkono wa mtu aliyekuwa anakaba inaeleza jambo moja vizuri sana, lakini ieleze wewe kwanza, usingoje uulizwe kama mtuhumiwa.

Tuje kwenye swali lako la kukamatwa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye hatari. Akikamatwa, hatakaa ndani muda mrefu unavyofikiri. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda umeangukia nje ya saa za kazi. Tanzania nako kipimo ni saa 24. Uganda ni 48. Akifika kwa hakimu atasomewa mashtaka, atakana kama wanavyokana karibu wote, kisha ataomba dhamana. Makosa ya shambulio na kujeruhi kwa kawaida yana dhamana. Wadhamini watakuja, na tazamia kumwona shemeji yako au hata mama mkwe akitia saini. Jioni hiyo yuko nje.

Nimeona wanawake wakipokea habari hiyo kama hukumu: kumbe hawakuniamini. Hapana, dada. Dhamana haisemi kwamba hana kosa. Ni haki ya mtu ambaye kesi yake bado haijasikilizwa, na inakuja na masharti. Masharti hayo ndiyo kazi yako. Kabla hajapelekwa mahakamani, mwambie mpelelezi, na ukiweza mwendesha mashtaka, kwamba unaogopa, na useme kwa nini: alinikaba, alitishia hiki, ana silaha hii, anajua nilipo. Omba mahakama imwekee sharti la kutokukaribia, kutokukupigia simu, kutokutuma watu. Hakimu hawezi kuweka sharti kwa hatari ambayo hakuna aliyemwambia. Na omba upigiwe simu siku atakapoachiwa. Usitegemee sana kwamba utapigiwa. Mpe dada yako kazi ya kumpigia mpelelezi asubuhi na jioni.

Siku za mwanzo baada ya kuripoti na baada ya kuondoka ndizo zenye hatari kubwa kuliko hata siku nyingi ulizoishi naye. Utafiti ulioongozwa na Jacquelyn Campbell katika miji 11 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, uliweka kutengana na mwanamume mwenye kutawala sana kila kitu, na kuwepo kwa bunduki, miongoni mwa ishara za kuogopwa zaidi. Maana yake ni rahisi: mtu aliyezoea kukushika akiona umemponyoka, ndipo anapokaza mkono. Kwa hiyo mambo ya kufanya pale kwa dada yako ni ya wiki hii. Mlango ufungwe hata mchana. Jirani mmoja ajue, na mkubaliane alama, hata iwe taa ya nje kuwashwa mara mbili. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na fedha kidogo vikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Kama vimebaki nyumbani, usivifuate peke yako; omba askari akusindikize, au mtu mzima ambaye mume wako humwonea haya. Usikubali kukutana naye "kuongea mara ya mwisho" mahali penye faragha, hata akilia kwenye simu. Kulia kwake kunaweza kuwa kwa kweli kabisa na bado mkutano huo ukawa na hatari.

Simu ndiyo inayosahaulika. Kama aliwahi kukununulia simu, kukuwekea barua pepe, au anajua namba yako ya siri, chukulia kwamba anaona. Zima kuonyesha mahali ulipo, badilisha namba za siri ukitumia simu ya mtu mwingine, angalia kama akaunti yako ya ujumbe imefunguliwa kwenye kifaa chake. Angalia na mabegi ya watoto. Lakini ujumbe wake wa vitisho usifute hata mmoja, hata ule wa saa nane usiku wenye matusi ya kukuchefua. Upige picha ukionyesha namba na tarehe, umtumie dada yako akuhifadhie.

Hadi hapa nimezungumzia njia moja, ya jinai. Kuna ya pili, na wanawake wengi huambiwa habari zake wakiwa wamechelewa. Ni amri ya ulinzi. Kesi ya jinai inaangalia nyuma: alifanya nini Jumapili, na anastahili adhabu gani. Amri ya ulinzi inaangalia mbele: kuanzia leo asifike wapi, asifanye nini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, Uganda ina ya 2010, Afrika Kusini ina ya 1998. Katika sheria hizo mahakama inaweza kutoa amri ya muda bila kumngoja mwanamume aje kujitetea, ikiridhika kwamba hatari ipo, kisha inamwita baadaye asikilizwe. Sheria ya Kenya haiishii kwa wanandoa. Inawagusa hata wachumba na waliowahi kuishi pamoja, na inatambua unyanyasaji wa kiuchumi na kuandamwa kila uendako. Afrika Kusini wana kitu ninachokipenda: amri inatoka pamoja na hati ya kumkamata iliyosimamishwa, kwa hiyo akivunja amri hakuna kuanza upya, hati ipo tayari. Tanzania haina sheria ya peke yake ya ukatili wa nyumbani. Inayotumika ni ya makosa ya jinai pamoja na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinakataza mwanandoa kumpiga mwenzake, na ambayo inairuhusu mahakama kumzuia mmoja asimsumbue mwenzake wakati shauri la ndoa linaendelea au likishaamuliwa.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili iko kwenye umiliki. Amri ya ulinzi ni yako. Wewe ndiye mwombaji. Kesi ya jinai, ukishatoa maelezo na hati ya mashtaka ikaandikwa, si yako tena. Siku ya kwanza mahakamani angalia karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kenya na Tanzania utakuta imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Uganda ni Uganda dhidi ya fulani. Jina lako halipo. Wewe ni mlalamikaji na shahidi, pengine shahidi wa kwanza, lakini mwenye kesi ni Serikali. Ukilielewa hilo, mambo mengi yatakayokuudhi yatapata maana: kwa nini hukuulizwa kuhusu dhamana, kwa nini mwendesha mashtaka anabadilishwa bila wewe kuambiwa, kwa nini unaitwa tarehe fulani na kuambiwa rudi mwezi ujao.

Maana hayo ya kurudi ni mengi. Kesi itatajwa, itatajwa tena, upelelezi haujakamilika, hakimu yuko likizo, shahidi hakufika, imeahirishwa. Utakaa kwenye benchi la nje la mbao, na hatua tatu kutoka kwako atakaa yeye na ndugu zake, wamevaa vizuri. Watakusalimia. Itikia salamu, kisha uhamie upande wa ofisi ya mwendesha mashtaka. Njoo na mtu kila mara, si lazima awe wakili. Tanzania sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama FIDA Kenya, TAWLA na WLAC yamewasindikiza wanawake wengi. Tarehe unayopewa iandike mbele ya karani. Wengi wameshindwa kesi kwa kukosa siku moja tu ya kutoa ushahidi.

Nikibadili mawazo? Ukienda kusema hutaki tena, mambo kadhaa yanaweza kutokea. Kama bado iko polisi, baadhi ya wapelelezi watafurahi kulifunga faili, wengine watakataa. Kama imefika mahakamani, wewe huwezi kuifuta; mwendesha mashtaka ndiye anayeomba iondolewe, na Kenya, kwa mujibu wa Katiba, hata yeye anahitaji ruhusa ya mahakama. Usipofika, unaweza kuitwa kwa hati. Wakati huohuo sheria za mwenendo wa jinai za Kenya na Tanzania zinamruhusu hakimu kuhimiza upatanisho kwenye makosa madogo ya shambulio, kwa hiyo usishangae hakimu akikuuliza kama mmezungumza nyumbani. Hilo swali si mtego. Jibu lililo kweli moyoni mwako. Mimi sitakwambia usirudiane naye kamwe. Ni maisha yako na unamjua. Ila nakuomba jambo moja, kama mwanasheria na kama mtu mzima: usiseme uongo ili kumwokoa. Wapo waliosimama kizimbani wakasema "nilianguka bafuni". Kesi ikafa, na mwaka uliofuata walipokabwa tena, wakili wa upande wa pili alikuwa na nakala ya ule uongo. Unaweza kusema umesamehe bila kusema haikutokea.

Mwisho wa kesi wenyewe nitaupita haraka kwa sababu uko mbali na wewe leo. Akitiwa hatiani, adhabu inategemea kosa lilivyoandikwa. Kujeruhi kwa kawaida Kenya kunafika hadi kifungo cha miaka mitano, na kudhuru vibaya kunaweza kufika kifungo cha maisha, ingawa hakimu anaweza kuishia kwenye faini, kifungo cha nje au ushauri nasaha. Ndiyo maana nilipiga kelele kuhusu shingo: neno hilo likiwemo kwenye fomu na kwenye maelezo, hata kosa linaloandikwa linaweza kuwa zito zaidi. Akiachiwa kwa upungufu wa ushahidi, haina maana mahakama imekuita mwongo, na amri ya ulinzi inaweza kubaki palepale, kwa sababu kipimo chake cha ushahidi ni chepesi zaidi.

Watoto. Kuripoti hakukunyang'anyi watoto. Kinyume chake, aliyewatoa kwenye nyumba ya kipigo ndiye aliyetimiza wajibu wake, na mahakama yoyote ikiulizwa inatakiwa kutazama maslahi bora ya mtoto kwanza. Lakini hadi pawepo amri, baba naye ana haki zake kama mzazi, kwa hiyo anaweza kwenda shuleni kuwachukua na mwalimu asijue afanye nini. Kesho uende shuleni mwenyewe, uzungumze na mwalimu mkuu, umwachie nakala ya namba ya polisi na majina ya wanaoruhusiwa kuwachukua. Polisi wanaweza kutaka kuzungumza na yule mkubwa kwa kuwa aliona. Omba iwe mbele yako au mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii, na usimfundishe la kusema hata kwa nia njema. Mtoto aliyefundishwa hujulikana kwa sentensi ya pili. Namba 116, Kenya, Tanzania na Uganda, ni ya msaada wa watoto, na Kenya ipo pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Kama wiki hii ikiisha faili halijasogea, panda ngazi: mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, kwa barua fupi yenye namba ya taarifa, tarehe na kile ambacho hakijafanyika. Peleka na nakala yake, ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Kenya kuna IPOA kwa malalamiko dhidi ya polisi, na Tanzania kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mara nyingi barua yenye muhuri inatosha hata kabla haijafika huko.

Uliniuliza kama umekosea. Mwanamke aliyeona giza mikononi mwa mtu, akawachukua watoto usiku na asubuhi akaingia kituoni peke yake, sijui angefanya nini zaidi. Mama mkwe atapiga tena jioni hii. Mwamkie kwa heshima kama siku zote, maana naye anamlilia mwanawe. Kisha mwambie: "Mama, mwenye kesi ni Serikali, mimi ni shahidi tu." Usieleze zaidi, usibishane, usitaje uko hospitali gani. Kata simu, chukua lile daftari, andika saa aliyopiga na alichosema.